KILA MTU NA LAKE, AU MTU NI WATU?

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, mwenye duka, mbele ya mkutano wa tawi. Inapigwa chapa kwa ombi la waliohudhuria, ili na wale wasiowahi kufika waisome, na wawasomee wenziwao majumbani.)





Tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo kwa miezi kadha wa kadha limekuwa likizungumzwa barazani, misikitini baada ya sala, na zaidi ya pote madukani. Maana duka ndipo mahala ambapo mtu hufika na shida yake kabla hajaipangia maneno. Jambo lenyewe ni mfuko wetu wa maziko. Yameletwa mbele ya tawi mashauri mawili. Shauri la kwanza lasema kwamba mfuko uvunjwe, kila aliyechanga arejeshewe kilicho chake, na kuanzia hapo kila mtu ajiwekee sanda yake mwenyewe. Shauri la pili lasema kwamba mfuko usivunjwe, lakini usimzike tena mtu yeyote ila aliyekuwa na kadi ya chama chetu. Kwa juu juu mashauri haya yanapingana. Sisi twayaona kuwa ni watoto wa mama mmoja, na mama yao ni khofu. Kwa hivyo tumeomba tuyajibu pamoja.

Huenda mtu akasema: sanda, ubani na mbao za kaburi ni mambo madogo, yana haja gani ya hotuba? Twajibu kwamba mfuko ni mdogo lakini suala lililo ndani yake ni kubwa, nalo ni hili: mambo ya nchi yanapoharibika, mtu ajikunje ndani ya nyumba yake na kilicho chake, au atoke awaelekee wenziwe? Kila watu waliopatwa na dhiki wamelazimika kulijibu suala hili, wakijua au bila ya kujua, na majibu yao yamebaki katika tarehe kwa kila mwenye kutaka kuyasoma.

Mwanachuoni Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufa Misri mwaka 1406, aliandika mwaka 1377 ule utangulizi wa kitabu chake cha tarehe unaojulikana kwa jina la Muqaddima. Alitaka kujua kwa nini dola huinuka na kwa nini huanguka, naye akaanza na jambo la jikoni. Alisema kwamba mtu mmoja peke yake hawezi kujipatia hata chakula cha siku moja. Ngano yataka wa kuisaga, wa kuikanda na wa kuioka. Na kila mmoja wa hawa ataka vyombo, na vyombo vyataka mhunzi, seremala na mfinyanzi. Akaendelea mpaka akafika kwenye kile alichokiita asabiyya, yaani ule moyo wa watu kuoneana uchungu na kuteteana. Moyo huo, alisema, huwa na nguvu kwa watu wa jangwani kwa sababu hawana ukuta wala askari wa kuwalinda; kila mmoja ajua kwamba akimwacha mwenziwe leo, kesho ataachwa yeye. Wakishapata mji na raha, ulinzi huwaachia ukuta na askari, na watoto wao huzaliwa wakidhani kwamba usalama umeota wenyewe kama majani. Aghlabu baada ya vizazi vitatu, ambavyo yeye alivikadiria kuwa miaka 40 kila kimoja, moyo ule huwa umekwisha na dola hubaki ganda.

Tuyaangalie vyema maneno hayo. Sisi tumezoea kusema kwamba watu wameachana kwa sababu mambo yameharibika. Ibn Khaldun aliligeuza jambo hilo: mambo huharibika baada ya watu kuwa wamekwisha achana kimya kimya, katika siku ambazo kila mtu alikuwa ameshiba. Tena hakuwaachia watawala. Alisema kwa uwazi kwamba dhulma huua ustawi wa nchi, kwani mtu akijua kwamba jasho lake litachukuliwa, huacha kufanya kazi. Kwa hivyo asije mtu akatoka hapa akasema kuwa tumewapunguzia wenye mamlaka dhima yao. Msaada wa jirani haumfutii mtawala deni lake hata senti moja.

Na hapa kwetu je? Mpaka miaka ya 1970 karafuu ndizo zilizokuwa mhimili wa hazina ya visiwa hivi, na mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia. Katika miaka ya 1980 Indonesia ikajitosheleza kwa karafuu zake, na bei ikaporomoka. Karafuu, pamoja na dhiki zake zote, zilikuwa zikiwalazimisha watu kuhitajiana: mchumaji, mchambuaji, mwanikaji, mpishi wa kambini, mwenye punda na mwenye jahazi. Badala yake ukaja utalii, nao umeleta pesa; lakini pesa zake humfikia mtu mmoja mmoja, na viwanja vya pwani huuzwa na mtu mmoja mmoja. Vijana wetu wamevuka kwenda Bara na Uarabuni, na kila mmoja hutuma pesa kwa mama yake peke yake. Hatusemi kwamba ni makosa. Twasema tu kwamba kidogo kidogo tumezoea kuishi kama kwamba hatuhitajiani, na sasa bei zimepanda na kazi zimepungua, na twajikuta kila mmoja amesimama peke yake.

Wenye shauri la kwanza si watu wabaya, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wasema hivi: mwenye kujituma huliwa na asiyejituma. Mtu akifungua duka, kabla ya mwaka kwisha mtaji umegawanyika kwa binamu, mashemeji na wenzi wa skuli. Anayechanga kila mwezi huzikwa sawa na asiyechanga. Sisi wenye maduka ni mashahidi wa ukweli wa maneno haya. Wako watu ambao hukopa mchele na mafuta kwa jirani, na siku wakipata pesa taslimu hupita mbele ya mlango huo huo wakitazama upande wa pili, wakaenda kununua mjini. Daftari la mkopo la duka dogo ni msahafu wa tabia za watu, na si kila ukurasa wake unafurahisha.

Lakini dawa wanayoitaka ni kubwa kuliko maradhi. Tuutazame mfano ambao kila mtu wa Unguja mwenye umri wa kutosha anaukumbuka. Umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya uliopitishwa chini ya bahari. Mwezi wa Mei 2008 umeme ulikatika na kisiwa kikakaa gizani kiasi cha mwezi mmoja. Uliporudi, watu wakadhani yamekwisha. Desemba 2009 ukakatika tena, na mara hii haukurejea mpaka Machi 2010. Miezi mitatu!

Wenye uwezo wakanunua majenereta. Hatuwalaumu, mwenye samaki barafuni, mwenye mashine ya kusaga, mwenye wageni nyumbani kwake, wangelifanya nini? Lakini tuifanye hesabu kama inavyofanywa dukani. Nyumba kumi za uchochoro mmoja, kila moja na mashine yake, kila moja na mafuta yake na fundi wake, na kila moja ikiwasha taa mbili na redio. Mashine moja ya wastani ingeliweza kuziwasha nyumba zote kumi, na kila nyumba ikachangia mafuta ya siku tatu kwa mwezi. Wachache waliokubaliana hivyo walilala na taa kwa bei ya mshumaa. Walio wengi hawakuaminiana kiasi hicho. Kila mmoja akanunua kelele yake na moshi wake, na umeme uliporejea akabaki na chuma kilicholala pembeni mwa nyumba.

Na jambo kubwa zaidi ni hili: mwenye jenereta alikuwa na taa, lakini maji hakuwa nayo. Pampu za mji zilisimama pamoja na umeme, na mfereji ukakauka kwa tajiri na kwa maskini. Sote tukarudi kwenye visima, vile vya mitaani na vya misikitini, ambavyo vingi vilikuwa vimesahauliwa tangu mfereji ulipoingia ndani ya nyumba. Huko mtu hakuweza kujinunulia njia yake. Palipowekwa zamu, ndoo mbili mbili, wazee na wagonjwa na mama wenye watoto wachanga wakatangulizwa, kila mtu aliteka. Pasipokuwa na zamu walitangulia wenye mikokoteni na mapipa, wakateka ya kuuza, na kabla ya adhuhuri kisima kilikuwa tope. Hapo waliokosa walikosa wote, hata yule mwenye pipa, kwa sababu kesho yake hapakuwa na maji ya kuuza.

Basi hilo ndilo neno letu kuu, nalo twaomba mlichukue majumbani. Katika siku za neema, vitu ambavyo mtu aweza kujinunulia peke yake huwa vingi, naye hudanganyika akadhani kwamba ndivyo vyote. Dhiki inapoingia, orodha hiyo hufupika siku hadi siku. Taa utaweza kuinunua. Maji hutaweza. Usalama wa mtoto wako njiani usiku hutaweza. Wa kukuchimbia kaburi hutaweza kumnunua, maana siku hiyo hutakuwepo kumlipa wala kumsimamia. Kwa hivyo anayeuvunja umoja wakati wa dhiki ili aokoe kilicho chake, auza kisima apate kununua taa.

Tena mfano mwengine, wa karibu zaidi. Mwaka 2019 walifika Zanzibar wageni zaidi ya 500,000. Mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, idadi yao ilishuka kwa kiasi cha nusu, na kwa miezi kadhaa hoteli nyingi zilifunga milango. Vijana waliokuwa hawana haja na shamba la babu wala ngarawa ya mjomba wakarudi kwa babu na kwa mjomba. Wakapewa jembe, wakapewa nafasi chomboni, na chungu kikaongezwa maji. Tujiulize: lau babu naye angelikuwa amefuata mtindo wa siku hizi, akauza shamba na akaziweka pesa kwa jina lake mwenyewe, vijana hao wangelirudi wapi?

Sasa turejee kwenye lalamiko la kwamba mwenye kuchanga huliwa na asiyechanga. Jawabu lake lipo mikononi mwa mama zetu, nalo ni kibati. Wanawake kumi hukutana kila Ijumaa, kila mmoja akatoa shilingi 5,000, na mmoja wao akapokea shilingi 50,000. Baada ya wiki kumi kila mmoja ametoa 50,000 na kila mmoja amepokea 50,000. Mwenye kujiona hodari atasema kwamba hapana aliyefaidika. Lakini wa kwanza kupokea amekopeshwa na wenziwe tisa bila ya riba wala rehani, na wa mwisho amewekewa akiba ambayo, lau ingelikaa chini ya godoro lake, ingelikwisha liwa kabla ya wiki ya nne. Baina yao yumo aliyelipia ada ya skuli na yumo aliyenunua cherehani. Na ni kitu gani kinachomzuia wa kwanza asikimbie na pesa za watu? Askari hayupo. Kinachomzuia ni kwamba kila mmoja ajua nani ameweka, nani amepokea na nani bado. Hesabu iko wazi kwa wote kumi, na zamu haibadilishwi kwa ajili ya ukubwa wa mtu.

Ndipo tunapoona kwamba kilichowakimbiza watu katika ushirika hakikuwa ushirika wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chakula kilikuwa adimu Zanzibar. Mchele, unga na sukari viligawiwa kwa kipimo, na watu walipanga foleni tangu alfajiri. Neno la umoja lilikuwa midomoni kila siku, lakini aliyekuwa katika foleni hakuwa na njia ya kuuliza ghalani mmebaki magunia mangapi, wala nani amechukua bila ya kupanga foleni. Umoja ambao mtu ameamrishwa kuingia, na hesabu yake haruhusiwi kuiona, humfunza mtu ubinafsi kuliko soko lolote. Na siku zizo hizo, jirani alikuwa akimpitishia jirani kibaba cha mchele chini ya kanga, bila ya amri ya mtu. Watu waliichukia foleni, na baada ya miaka wakaja kudhani kwamba walichokichukia ni kusaidiana. Wazee wetu wa biashara walisema, mali bila ya daftari hupotea bila ya khabari. Nasi twasema, imani nayo ni mali. Mfuko wetu hauna maradhi ya ubinafsi wa watu. Una maradhi ya daftari lisilosomwa. Lisomwe, na nusu ya hoja ya kuuvunja itakuwa imekufa.

Sasa tuwageukie wenye shauri la pili, na hawa twawakhofia zaidi kwa sababu maneno yao yana ladha ya umoja. Wasema: tusaidiane, naam, lakini sisi kwa sisi. Kwa nini tumzike mtu ambaye alikuwa akitucheka?

Kwanza twasema kwamba visiwa hivi vimekwisha iona jamii inayochagua ni nani wa kuhesabiwa. Tarehe 15 Aprili 1872, katika zama za Sayyid Barghash, kimbunga kilipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi na kikavunja vyombo bandarini. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ikawa mbele kwa karafuu. Mashamba ya Unguja yalipandwa upya, na kwa kazi hiyo husifiwa wenye mashamba. Walioshika majembe, wengi wao, walikuwa watumwa. Kwani soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1897. Jamii ile ilikula kwa mikono ya watu ambao yenyewe haikuwahesabu kuwa ni wenziwe. Kwa hivyo mtu akituambia turudi kwenye umoja wa zamani, twamwuliza: umoja wa nani na nani? Deni la namna hiyo halifutiki. Hungoja siku yake.

Pili, tukumbuke zama za siasa. Uchaguzi wa mwanzo ulifanyika Julai 1957, na baada yake wafuasi wa vyama wakaanza kususiana. Mtu akapita duka la jirani yake akaenda mbali kununua kibiriti kwa mtu wa chama chake. Watu wakasusiana mabasi, wakasusiana harusi, wakasusiana maziko. Wako wenye mashamba waliowafukuza wakulima waliokuwa wakilima chini ya mikarafuu na minazi. Mapatano yale ya shamba yalikuwa ya muda mrefu: mkulima alipata mahala pa kupanda muhogo bila ya kununua ardhi, na mwenye shamba alipata palizi bila ya kutoa ujira. Pande mbili zisizopendana zilikuwa zikifaana kila msimu. Ikaja kura, na kufaana kukavunjwa, na aliyefukuza na aliyefukuzwa wote wakapata khasara; huyu shamba lake likaota magugu, na yule akawa hana pa kupanda. Juni 1961 zikatokea ghasia za uchaguzi na watu 68 wakauawa. Yaliyotokea Januari 1964 yana sababu nyingi, wala hatukukusudia kuzihesabu hapa. Lakini kila mmoja wetu ajua kwamba mkono humwia mwepesi zaidi mtu juu ya jirani ambaye amekwisha acha kumwamkia, kuliko juu ya jirani aliyemshikia jeneza la baba yake mwezi uliopita.

Tatu, baada ya uchaguzi wa 1995 tuliyaona hayo hayo kwa macho yetu, Unguja na Pemba, na hapana haja ya kuyataja maduka yaliyosusiwa wala misiba iliyokosa watu. Januari 2001 damu ikamwagika, na watu wapatao 2,000 wakakimbilia Shimoni, katika pwani ya Kenya. Novemba 2009 ndipo viongozi walipopeana mikono, na katika kura ya maoni ya 31 Julai 2010 kiasi cha thuluthi mbili ya waliopiga kura wakaikubali serikali ya umoja. Ziangalieni tarehe hizo. Giza la Desemba 2009 lilitukuta mwezi mmoja tu baada ya mikono kupeanwa. Lau lingelitujia miaka minane kabla, katika siku ambazo watu walikuwa hawasalimiani, ile zamu ya kisimani ingelipangwa na nani, na ingelitiiwa na nani?

Nne, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba na imepakia watu kupita kiasi, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Maiti wapatao 200 walipatikana, na wengi wengine hawakuonekana tena. Watu zaidi ya 600 waliokolewa. Wavuvi wa Nungwi walitoka kwa vyombo vyao wenyewe na mafuta yao wenyewe, na wanawake wakawapokea ufukoni kwa kanga na chai. Hapana mkono ulionyooshwa kutoka majini ukaulizwa kadi. Wala hapana mvuvi aliyesema kwamba nguvu zake ni zake na mafuta ni ghali. Basi twasema nini sisi, ambao twataka kuuliza kadi penye kaburi, mahala ambapo wale hawakuiuliza penye mawimbi?

Tena tulifunzwa sote chuoni, tungali watoto, kwamba kumzika maiti ni faradhi ya kutoshelezana. Wakiitenda wachache, wote wamesalimika. Wakiiacha wote, wote wamepata dhambi. Faradhi hiyo haikugawanywa kwa vyama. Na ukiacha dini, angalieni nyumba zetu. Ziko nyumba ambamo baba ana kadi yetu na mwana ana kadi ya wenzetu, na mama hana kadi yoyote kwa kuwa amechoka na pande zote mbili. Tutamzika baba na kumwachia mwana amchimbie mama yake peke yake?

Wako watakaosema kwamba tukifanya hivyo tutakipunguzia chama nguvu. Twaona kinyume cha hayo. Chama kinachoitwa cha upinzani hakina hazina, hakina vyeo vya kugawa, hakina kazi za kuwapa watoto wa watu. Kina kitu kimoja tu, nacho ni kwamba watu wa mtaa wanakiamini. Tukilifunga daftari au tukiufunga mlango, tutakuwa tumekitupa kitu hicho kimoja kwa mikono yetu, na hapo hatutakuwa na tofauti yoyote na wale tunaowalaumu, ila kwamba wao wana gari.

Kwa hayo yote, twaleta mbele ya mkutano huu mapendekezo manne.

La kwanza: mfuko wa maziko usivunjwe. Asiyetaka kubaki ndani yake apewe haki yake kwa salama na asisemwe barazani, kwa sababu umoja wa kulazimishana tumekwisha uonja.

La pili: mfuko uwe wa mtaa. Kila mwenye kuchanga awe mwenzetu humo, awe na kadi yetu, au ya wengine, au asiwe nayo. Na yule asiyeweza kuchanga kwa umaskini unaojulikana azikwe vile vile, na jina lake lisiandikwe.

La tatu: wasimamizi wawe watatu, na mmoja wao asiwe mwanachama wetu. Daftari lisomwe kwa sauti kila mwezi mbele ya watu, kilichoingia na kilichotoka, na mtu yeyote, hata mtoto, aruhusiwe kuuliza.

La nne: mfuko usifanye kazi nyengine ila maziko. Asikopeshwe kiongozi, asikopeshwe tajiri, asikopeshwe mwenye duka. Mwenye dhiki ya namna nyengine tumsaidie kwa njia nyengine, kila mtu kwa mkono wake na kwa siri yake.

Hatudai kwamba mapendekezo haya yatashusha bei ya mchele au yatawapatia vijana kazi. Hayo yana wenyewe wa kuulizwa, na tutaendelea kuwauliza. Lakini mtaa ulioweza kuweka zamu kisimani na kusoma daftari lake bila ya kugombana ni mtaa ambao siku ya dhiki kubwa zaidi utajua wapi pa kuanzia, na mtaa ulioshindwa hayo hautafunzwa na njaa.

Ndugu Mwenyekiti, twaomba mashauri yote yapigiwe kura leo hii, kabla watu hawajatawanyika. Na kabla ya kura, daftari liletwe lisomwe, tangu ukurasa wa mwanzo.

Wabillahi tawfiq.